Chai Ambayo Haikumwagika

Kwenye ghorofa ya pili ya jengo lile, ukipita duka la dawa na kabla hujafika kwa fundi cherehani, palikuwa na chumba chembamba kama droo, na ndani yake alifanya kazi mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Miwani. Miwani yenyewe haikuwa ya macho mabovu. Ilikuwa ile ya kukuzia vitu, yenye taa mbili ndogo juu ya kipaji cha uso, naye aliisahau usoni mara kwa mara hata akashuka nayo sokoni, watoto wakamkimbia. Mafundi wenzake wa ukumbi ule walibadilisha vioo, kibodi na betri. Kompyuta ikiwa imekufa fofofo, haiwaki wala haijibu chaja, walimwelekeza mteja: "Nenda kwa Miwani. Yule huingia mpaka kwenye bodi." Maneno hayo aliyasikia kupitia ukutani na, Mungu amsamehe, aliyapenda kuliko chakula.

Basi Alhamisi moja akafika meneja wa kampuni ya usafirishaji, mtu mrefu mwenye sauti ya kuamrisha malori, laptop yake kwapani. Akasimama mlangoni, na mafundi wengine wakachungulia.

"Nimeambiwa nikishindwa kwako niitupe," alisema.

"Hujadanganywa."

"Jumamosi nasafiri nayo. Itakuwa tayari?"

Siku nyingine angesema niiangalie kwanza, maana ndivyo alivyomwambia kila mteja. Lakini masikio yalikuwa mengi pale ukumbini. "Jumamosi asubuhi uje uichukue," akasema.

Meneja akacheka kwa furaha. "Ukifanya hivyo, mashine zote za ofisini kwangu ni zako."

Kuliona tatizo hakukumpa taabu. Alipofungua skrubu na kuinua bodi, pua ilitangulia macho: harufu ya plastiki iliyoungua. Karibu na tundu la chaja, chipu moja ndogo kama ukucha wa mtoto mchanga ilikuwa imepasuka tumbo. Kazi ya chipu ile ni kupokea umeme wa chaja na kuugawa, huu wa betri, huu wa mashine. Kasheshe ilikuwa kulijua jina lake. Chipu huandikwa jina mgongoni, na la hii moto ulikuwa umelila, zimebaki herufi mbili za mwisho. Miwani akasoma namba iliyochapwa pembeni mwa bodi, akatafuta mchoro wa saketi yake, akafuata mistari kwa ncha ya kalamu mpaka akalipata jina lote. Zile herufi mbili zikakubaliana nalo. Akavipima kwa mita vifaa vilivyoizunguka, asije akazika mmoja kumbe wamekufa wengi. Vilikuwa vizima. Lililobaki lilikuwa kupata chipu nyingine.

Na hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Muuza spea wa kwanza, ng'ambo ya barabara, alikuwa nayo ndani ya kijifuko, jina limeng'aa. Limeng'aa kupita kiasi. Miwani akachovya pamba kwenye thina, akasugua. Jina likahamia kwenye pamba, na chini yake kukaonekana mikwaruzo ya jina jingine.

"Hii imebadilishwa jina," alisema.

"Mimi nauza tu, sikuizaa," muuzaji akajibu bila kuinua macho kwenye simu yake.

Wa pili alikuwa nayo halisi, lakini herufi moja katikati ya jina ilitofautiana, na Miwani alijua kwamba chipu ni kama ndugu wa kambo, sura moja na tabia mbalimbali. Ukiipachika pasipo pake inaunguza hata vilivyosalimika. Wa tatu aliahidi kuiagiza nje. Lini itafika? "Ikifika utaniona nakupigia," alisema.

Ijumaa alasiri akarudi dukani kwake mikono mitupu, akaketi, akainua macho kwenye rafu. Pale juu ilikuwa laptop ya wifi yake.

Huyu wifi alikuwa dada mkubwa wa mumewe. Mafundi walimtania kila alipomtaja, "Wifi yako ina kasi leo?" naye huwajibu kwamba wifi ya kwake haitaki nywila, inataka heshima. Wifi huyo aliishi na mama yake mzazi, na kazi yake aliifanyia kwenye meza ya kulia: maofisi yalimtumia mikutano iliyorekodiwa, yeye akaisikiliza na kuichapa neno kwa neno. Na ndiye aliyewanyamazisha ami zake wakati wa posa ya Miwani, walipouliza mwanamke wa kushika bisibisi atajenga nyumba ya namna gani. "Yenye taa zinazowaka," aliwajibu, na mjadala ukaishia hapo. Sasa alikuwa ameleta mashine yake kwa sababu ya bawaba iliyovunjika, basi. Kwingineko ilikuwa nzima kama yai.

Miwani alikwisha kuifungua. Aliijua bodi yake. Ilikuwa na chipu ile ile, jina lile lile, herufi kwa herufi.

"Naazima," alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kumjibu. "Ya kuagiza ikija naipachika, wala hatajua."

Akawasha blowa ya hewa moto. Mkono wake ulikuwa na sifa ya kungoja. Siku ile haukungoja. Akaivuta chipu kabla risasi inayoigandisha kwenye bodi haijayeyuka sawasawa, nayo ikatoka na kipande cha njia ya shaba kilichokuwa chini yake. Akakitazama kimening'inia kwenye mguu wa chipu, chembamba kama unywele. Bodi ya wifi sasa haikupungukiwa chipu tu. Ilikuwa na kidonda.

Jumamosi laptop ya meneja iliwaka.

"Umeweka spea mpya?" meneja aliuliza.

"Mpya."

Meneja akampigia makofi pale pale mlangoni, ukumbi mzima ukasikia. Miwani alitabasamu kwa meno, moyo haukushiriki.

Jumatatu wifi akaja, anahema kwa ngazi. "Wifi yangu mwenyewe! Bawaba imepona? Kazi zimenifika hapa," akashika shingo.

Miwani alikuwa amepanga kusema kwamba bawaba haijapatikana. Uongo mdogo wa kusukumia siku. Lakini wifi hakungoja kuambiwa. Alikwisha kuiona mashine yake, akaishusha rafuni, akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena.

"Mbona haiwaki?"

Ulimi ukaitangulia akili. "Ndilo nililotaka kukwambia. Nilipoifungua nikakuta unyevu. Kuna majimaji yaliingia, yameila bodi."

"Majimaji gani?"

"Sijui. Maji, au chochote kile."

Wifi akatoa macho, kisha akajipiga paja. "Chai! Ni mama huyo! Nilimwambia, mama, kikombe chako na mashine yangu visikae meza moja, akasema anataka kunisindikiza nikifanya kazi. Kamwaga, kafuta, kanyamaza."

"Huenda siyo..."

"Sasa nani mwingine? Nyumba ile tuko wawili. Na siku hizi anasahau, wewe mwenyewe unajua. Juzi kazunguka nyumba nzima anatafuta kitambaa chake, kumbe kakifunga kichwani."

Hapo ulikuwepo mlango wa kutokea. Miwani alikuja kuukumbuka mara nyingi baadaye, jinsi ulivyokuwa wazi, jinsi neno moja lingetosha kumpitisha. Badala yake alisema, "Nitajaribu kuiokoa, wifi. Nipe muda." Na wifi akamshika mikono yote miwili, akamshukuru.

Jumapili, kama desturi yao, yeye na mumewe walikwenda kula kwa mama mkwe. Bibi yule hakuwa kwenye kiti chake cha mezani. Alikuwa amehamia kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, na mkononi alishika kikombe cha plastiki chenye kifuniko na mdomo wa kunyonyea, vile vya kunyweshea watoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sogea." Akashusha sauti wengine wasisikie. "Nimeambiwa unahangaika na mashine ile kwa ajili yangu. Nisamehe. Nimewaharibia."

"Hakuna neno, mama."

"Lipo. Nimekaa nikiwaza nilimwaga lini, sipati. Ningekumbuka hata kitambaa nilichofutia, ningetulia. Sikumbuki hata chembe, mwanangu, na hilo ndilo linalonitisha. Kama hili limeniponyoka, yameniponyoka mangapi mengine?"

Miwani akatazama vidole vya miguu yake. "Hakuna neno, mama," akarudia, akaondoka haraka kwenda kusaidia kupanga sahani, maana machozi yalikuwa yamefika njiani.

Mezani hakula cha maana. Wifi alieleza jinsi anavyolazimika sasa kwenda kuchapia kwenye ofisi za watu, mama akashinda peke yake. Bibi akasikiliza kutoka kigodani kwake bila kuchangia, yeye ambaye zamani hakuna habari iliyopita mbele yake bila kuwekewa chumvi. Njiani kurudi mumewe alisema, "Dada anataka tumpeleke mama kwa daktari, akapimwe kumbukumbu. Nilikuwa nabisha. Leo nimemwona, nimeona dada ana haki."

"Tungoje kidogo," Miwani alisema.

"Tungoje nini?"

Miwani alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ilikuwa lami, na wakaendelea kutembea juu yake mpaka nyumbani.

Kesho yake alifunga duka akaenda kwenye uwanja wa skrepa. Mwenye uwanja alikuwa jitu lenye kitambi, wakimwita Kilo Moja kwa kuwa hakuna alichokiuza bila mzani. Bodi za kompyuta zilizokufa alizijaza maguniani kama mkaa. Miwani akakunja kanga, akavaa miwani yake, akaanza kuzitoa moja moja, anasoma namba za pembeni, anaziweka kando.

"Mama, umepoteza pete ya ndoa?" Kilo Moja aliuliza.

"Nimepoteza zaidi ya hiyo."

"Basi tafuta. Gunia la tatu kuna vitu vya maofisini, vilikuja wiki hii."

Akalimaliza gunia la kwanza, la pili akalimaliza. Jua lilimkaanga kisogo, kingo za bodi zikamchana vidole. Zilikuwepo za ukoo ule ule, ila chipu zimekwisha kunyofolewa na waliomtangulia. Nyingine zilizama majini zikaota kutu ya kijani. Alipoiona ile kijani alicheka peke yake kicheko kibaya. Unyevu wa kweli huwa hivyo. Fundi yeyote angeifungua mashine ya wifi, angejua kwa kutupa jicho kwamba hapajawahi kuingia tone. Alikuwa amemdanganya mtu kwa uongo ambao asingethubutu kumwambia mwanagenzi.

Kwenye gunia la tatu akaipata. Bodi ilikuwa imevunjika pembe, kama iliyoangushwa toka juu, lakini namba ilikuwa yenyewe, na chipu imekaa mahali pake bila doa. Akasugua mgongo wake kwa pamba na thina, jina halikutoka. Akapima kwa mita mguu baada ya mguu, Kilo Moja amemwinamia begani, na vipimo vikasoma vile mchoro ulivyosema.

"Nakata hiyo chipu tu?" Kilo Moja aliuliza.

"Usiguse! Nachukua bodi nzima."

Dukani alifanya kazi mchana kweupe, mlango wazi. Safari hii alingoja. Aliipasha bodi moto polepole, akaacha risasi ing'ae, akainua chipu kwa kibano kama anayemwinua kifaranga. Kwenye kidonda cha bodi ya wifi alilaza uzi mmoja wa shaba alioutoa ndani ya waya mwembamba, akauchomelea huku na huku mahali pa njia iliyong'oka. Kisha chipu. Kisha bawaba mpya, ambayo, aibu juu ya aibu, ilikuwa ndani ya mtoto wa meza muda wote. Akachomeka chaja, akabonyeza. Mashine ikawaka.

Alikaa akiitazama. Sasa hakuna ambaye angejua. Angeipeleka, angesema nimeifufua, na sifa zingekuja kama kawaida. Alibeba laptop ile mpaka nyumbani kwa mama mkwe bila kuamua, au kwa kusema kweli, akiwa ameamua kunyamaza.

Wifi aliposikia mlio wa mashine kuwaka alipiga vigelegele, majirani wakachungulia dirishani. "Huyu si fundi, huyu ni mganga! Mama, njoo uone!"

Mama mkwe akaja akiburuta kandambili. Aliutazama ule mwanga, akamtazama mkwewe, akauliza taratibu, "Sasa mmenisamehe?"

"Tulishakusamehe zamani, mama," wifi alisema akicheka. "Ila kikombe chako ni kile kile cha kifuniko, na kwa daktari tunakwenda."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Hakubisha. Akaitikia kama mtoto aliyeadhibiwa kwa haki, na ni kule kuitikia ndiko kulikomshinda Miwani.

"Mama hakumwaga kitu," alisema.

"Usimtetee bwana," wifi akasema, macho kwenye kioo cha mashine. "Una moyo mzuri mno, ndiyo shida yako."

"Simtetei. Hapakuwa na chai."

"Sawa, maji basi. Yamepita hayo."

Ikawa lazima aseme tena, na mara ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza, maana sasa ilimbidi auvunje kwanza huo moyo mzuri waliompa. "Wifi, nisikilize. Haikuingia maji wala chai. Mashine yako ilikuwa nzima. Nilitoa chipu ndani yake nikampa mteja, kwa sababu nilimwahidi mbele ya watu, sikutaka nionekane nimeshindwa. Nilipoitoa nikaiharibu bodi. Ulipoiona haiwaki nikasema unyevu. Ukamtaja mama, nikakuacha."

Wifi akageuka. Tabasamu lilikuwa bado usoni mwake, limesahauliwa pale, halafu likadondoka.

Aliyesema kwanza alikuwa mama mkwe. "Kwa hiyo mimi nilikuwa mzima?"

"Ulikuwa mzima, mama."

"Sikusahau kumwaga."

"Hukumwaga. Huwezi kukumbuka kitu ambacho hakikuwepo."

Bibi akatafuta kiti kwa mkono, akaketi. Akavuta pumzi ndefu, na kwa kitambo kidogo uso wake ulikunjuka, akawa tena yule wa zamani. Kisha ukajikunja upya.

"Siku ile nilipokuomba radhi," alisema. "Nilikuomba radhi, siyo?"

"Ndiyo, mama."

"Ukanijibu nini?"

Miwani alijua alichojibu. Kukitamka tena ilikuwa kama kumeza kaa la moto. "Nilisema hakuna neno."

"Ulisema hakuna neno." Bibi akalirudia polepole, kana kwamba anajifunza lugha ngeni. "Mara mbili ulisema. Hilo nalikumbuka vizuri."

Miwani akapiga magoti pale sakafuni, akasema nisamehe mama, nisamehe wifi, maneno yakagongana. Wifi alikuwa ameifunga laptop na kuikumbatia kifuani kama anayeficha mtoto na mtu mbaya. Uchungu wake haukuwa wa makelele. "Nilimnyang'anya mama yangu kikombe," alisema. "Nilimkalisha jikoni. Mimi, kwa mikono yangu." Na baadaye, "Ondoka kwanza. Naomba uondoke."

Nyumbani alimweleza mumewe kabla simu ya dada haijalia. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho, akavaa viatu, akaenda kwa mama yake. Aliporudi hakugomba, alikuwa mtu wa maneno machache, na kwa siku nyingi hata hayo machache akayapunguza. Miwani alikwenda pia kwa meneja, akamweleza kwamba chipu aliyomwekea haikuwa mpya, na ilikotoka. Meneja akauliza kama kuna siku itazimika. Akaambiwa hapana, ni nzima. "Sasa tatizo liko wapi?" akasema, akacheka, akamwonyesha mashine nyingine mbili mbovu. Miwani alizibeba, na katika njia nzima hakuna kilichomchoma kama kicheko kile. Kumbe kuna watu ambao mbele yao haihitajiki hata haya, na ni kwa sifa za mtu kama huyo alimuuza mama wa watu.

Jumapili zikapita bila yeye. Mumewe alikwenda peke yake, akirudi anasema mama hajambo, basi. Kwa daktari hawakwenda. Aliposikia jirani akisema kwamba bibi amerudi mezani, anamsindikiza binti yake akichapa kazi zake kama zamani na anatia chumvi kila habari, alifurahi, na furaha yenyewe akaiona kama kitu alichokiiba.

Hata asubuhi moja, akiwa ameinamia bodi, akasikia hatua nzito za mtu anayepumzika kila baada ya ngazi chache. Akainua kichwa. Mama mkwe alikuwa mlangoni, mkoba kwapani.

"Shikamoo mama!" Akasimama kwa haraka, kiti kikaanguka.

"Marahaba. Fundi, simu yangu haitoi sauti."

Fundi. Siyo mwanangu, siyo hata mkwe. Miwani aliokota kiti, akakifuta vumbi, akampa. Bibi alikisogeza mpaka mbele kabisa ya meza, akaketi ana kwa ana na mikono ya mkwewe.

"Ifungue nikiona," alisema.

Miwani akaifungua. Kila skrubu aliyoitoa aliiweka juu ya kitambaa cheupe upande wa bibi. Spika ilikuwa imeziba uchafu, wala haikuhitaji kubadilishwa kitu, naye akasema hivyo. "Haihitaji spea, mama. Ni uchafu tu. Tazama." Akampa miwani yake ya kukuzia. Bibi akaivaa juu ya kilemba, akainama, akatazama muda mrefu.

"Naona," alisema.

Simu ikafungwa, ikajaribiwa, ikalia ukumbi mzima. Bibi akaitia mkobani, akasimama.

"Wifi yako anasema hakuletei kitu tena," alisema. "Mimi nitaleta. Lakini nitakuwa nakaa hapa."

"Ndiyo, mama."

Kwenye ngazi Miwani alimnyooshea mkono amshike. Bibi akautazama ule mkono, si kwa hasira.

"Ngazi naziona," akasema, akashika chuma cha pembeni, akashuka mwenyewe, taratibu, akipumzika palipomstahili. Miwani akasimama juu mpaka alipofika chini na kuingia barabarani, na hata baada ya hapo aliendelea kusimama, mafundi wenzake wakimtazama kutoka milangoni mwao.